Kamba ya Mzee Optatus

Kila aliyepooza mkono kwa kiharusi alivutishwa kamba. Mzee Optatus, mkuu wetu wa kitengo cha mazoezi ya viungo, aliitundika mwenyewe kwenye kapi darini. Mkono dhaifu unafungwa ncha moja, mkono mzima unavuta ncha ya pili, mpaka ule dhaifu uinuke juu ya kichwa. Wagonjwa wanaongoja zamu kwenye benchi hupiga makofi. Anayelia huambiwa, "Hapo ndipo dawa inapoingia."

Mama Anyesi alilia sana. Alikuwa akipogoa mizabibu Makutupora, na alitaka mkono urudi kabla ya msimu. Chuoni nilifundishwa, na majuzi nikasoma tena, kwamba kamba ya namna ile huumiza bega lililolegea. Nikamjaribisha kufuta meza polepole kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu Priska," aliniambia, "meza nimefuta tangu utoto. Nivutishe kamba kama wenzangu."

"Anatafuta mtu wa usafi huyo," akasema Baba Stanley, mgonjwa mwenzake, na benchi zima likacheka. Nikamrudisha kwenye kamba.

Siku ya kuruhusiwa, mwanawe Joel alikuja na kamba mpya ya kufunga kwenye boriti nyumbani. Mzee Optatus alikuwa akimwonyesha fundo. Mama Anyesi alitabasamu, huku kiwiko cha mkono mgonjwa amekibeba kama mtoto mchanga. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala kwa maumivu ya bega. Ningenyamaza, kamba ile ingekwenda kummalizia bega kule ambako hakuna wa kumwambia aache.

"Shikamoo, mzee," nikasema. Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi. Joel akanitazama.

"Marahaba tena. Sema."

"Naomba umguse bega. Hapa juu."

Aligusa. Vidole vyake vikazama kwenye pengo kati ya mifupa, vikabaki hapo.

"Limelegea," nikasema. "Kamba inalibana. Watu wamelipima jambo hili, mzee. Wanaovuta huumia zaidi ya wasiovuta."

"Kamba hii imeinua wengi."

"Tuliowaona ni waliorudi kushukuru. Wasiorudi hatukuwauliza."

Nilidhani atanifukuza. Aliichukua kamba mkononi mwa Joel, akaikunja na kumrudishia. "Hii kafungie mbuzi. Mama atafuta meza, kama binti anavyosema."

Mama Anyesi alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Kwa hiyo nililia bure?"

Nilimpa kitambaa cha kufutia meza. Alikipokea kwa mkono mzima, akakitia kwenye mkoba bila kukitazama, wakaondoka.

Baba Stanley alikuwa ameshakunja mkono wa shati. "Zamu yangu," akasema.

Mzee Optatus aliinua macho kwenye kapi, akaniangalia. "Mwambie wewe," akasema, akatoka nje.

Benchi lote lilikuwa likingoja. Nilienda nikasimama chini ya kamba.

"Shikamoo, Baba Stanley," nikaanza.