Wanaotoka kwa Miguu

Askari wa getini alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini pale shuleni hakuna aliyelitumia. Wafanyakazi walimwita Mizani, kwa sababu hakuegemea upande. Kila jioni wapishi, wafagiaji na watunza bustani walipanga foleni mbele ya meza yake ya chuma, wakafungua mikoba, naye akaikagua yote kwa namna moja. Mkoba wa rafiki aliupekua kama wa hasimu, wa mama mjamzito kama wa kijana aliyeajiriwa jana. Wenyewe walikuwa wameshaligeuza jambo hilo kuwa mzaha, maana aibu ya kila siku isipochekwa humla mtu.

"Pekua mpaka chini, Mizani," mpishi mkuu alizoea kumwambia, mwanamke mnene asiyeishiwa maneno. "Nimeficha jiko zima humo."

"Jiko si kitu. Nachelea umemficha mume."

"Huyo ukimkuta mpeleke stoo. Nyumbani hana kazi."

Magari hayakukaguliwa. Hakuna aliyewahi kuitunga kanuni hiyo wala kuiandika. Gari lilikuja, kizuizi kikapanda, askari akapiga saluti, likapita. Wenye magari walikuwa watu weupe wa mlimani, pamoja na weusi wachache ambao mali iliwapandisha huko. Waliotoka kwa miguu walikuwa weusi wa bondeni, wote bila kubakiza. Askari aliyajua haya kama mtu anavyojua kwamba maji huteremka. Hakuyafikiria sana mpaka bintiye alipopata nafasi katika shule ile.

Shule ilikuwa imeamua kupokea watoto wa wafanyakazi watakaofaulu mtihani. Bintiye alifaulu, tena vizuri. Alitoka katika shule ya bondeni ambako maabara ilikuwa chumba cha kuhifadhia madawati yaliyovunjika, na ambako kemia ilifundishwa na mwalimu wa historia kwa sababu wa kemia aliondoka na hakuletwa mwingine. Kutoka shule ile hadi hii ni mwendo ambao chai ya asubuhi haijapoa tumboni. Huku juu kila meza ya maabara ilikuwa na bomba lake la maji na lake la gesi. Siku ya kwanza binti alirudi nyumbani akizungumza kwa kasi, akisema atasoma mpaka ajue kwa nini vitu huwaka.

"Ukijua uje uniambie kwa nini mkaa wa siku hizi hauwaki," mama yake alimjibu.

Mama huyo alifanya kazi katika chumba cha kufulia mashuka ya hospitali. Wanafunzi walipotakiwa kuwa na koti jeupe la maabara, na koti la dukani likawa nje ya uwezo, alimwomba msimamizi wake shuka moja lililokuwa limechakaa na kutengwa litupwe. Alilikata, akalishona kwa mkono, mishono midogo iliyonyooka. Kasoro ilikuwa moja tu. Muhuri wa hospitali haukutoka hata kwa dawa ya kung'arisha, hivyo aliukunjia ndani ya pindo la nyuma. Binti alilivaa koti lile kwa uangalifu na kulikunja kwa uangalifu zaidi.

Muhula wa pili hadubini moja ya maabara haikuonekana. Naibu mkuu wa shule, mama mpole aliyezungumza kwa sauti ya chini, alishuka mwenyewe asubuhi hadi getini.

"Habari za kazi, mzee?"

"Njema, mama."

"Kuna jambo dogo. Kuanzia leo utawakagua na wanafunzi wanaotoka kwa miguu."

"Na wanaotoka kwa magari?"

"Wale wanachukuliwa na wazazi wao," alisema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu. Kisha akaongeza, "Hatumshuku mtu. Ni utaratibu tu. Najua una mtoto hapa. Ikiwa ni vigumu, nitampa kazi hii yule mwenzako wa lango la nyuma."

Mlango wa kukwepa ulifunguliwa mbele yake, naye hakupita. Aliwawazia wazazi wa bondeni, watakavyosema kwamba amejificha ili asimguse wa kwake. Aliliwazia pia lile jina la Mizani, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa ndiyo heshima pekee aliyopewa pale bila kuiomba.

"Nitakagua mwenyewe," alisema. "Na nitaanza na wangu."

Asubuhi hiyo hiyo alimwona bintiye akivuka uwanja kwenda darasani. Angeweza kumwita na kumwambia neno moja. Hakumwita, kwa kuwa wengine hawakuwa na baba getini wa kuwatonya.

Jioni binti alikuja akicheka na rafiki yake, msichana mweupe aliyekaa naye meza moja maabara. Naibu mkuu alisimama kando, mikono nyuma.

"Weka begi mezani," askari alisema.

"Baba, leo umeishiwa kazi?"

"Weka mezani, mwanangu. Ni utaratibu."

Kicheko kilimtoka usoni taratibu. Aliliweka. Baba yake alitoa madaftari na kuyapekua, akatoa kalamu, akatoa chupa ya maji na kuifungua. Alifanya kazi yake kama siku zote, bali kwa ukamilifu zaidi, kwa sababu watu walikuwa wakitazama. Mwisho akalitoa koti. Aproni za wapishi alizikung'uta siku zote, kwa kuwa kijiko huweza kukaa katika mkunjo. Basi na koti akalishika mabegani, akalikung'uta mara moja kwa nguvu.

Mishono ya pindo ilikuwa imelegea kwa kufuliwa mara nyingi. Pindo likafunguka na muhuri ukaonekana, wino wa buluu, jina la hospitali na chini yake maneno: SI RUHUSA KUTOLEWA NJE.

Foleni ikasogea kutazama. Kisha mvulana mmoja nyuma akasema, "Duh, wamebeba mpaka mashuka ya wagonjwa," na wawili watatu wakacheka. Rafiki wa binti hakucheka. Alitazama viatu vyake.

"Hiyo ni mali ya hospitali?" naibu mkuu aliuliza kwa upole uleule.

"Lilikuwa limetupwa, mama. Mke wangu alipewa."

"Bila shaka. Lakini ingefaa tupate uthibitisho. Unaelewa, wakati huu ambapo kuna kitu kimepotea. Mtoto asije darasani mpaka suala hili limalizike."

Askari alilikunja koti akalirudisha begini. Binti alilichukua begi na kuondoka bila kumtazama. Naye akaita, "Anayefuata."

Nyumbani mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulilikung'uta?"

"Nililikung'uta."

"Mbele ya watu?"

"Ndivyo ninavyofanya kwa wote."

"Kwa wote," mkewe alirudia. "Hao wote ndio akina nani? Yule mwenzake mweupe ulimkung'uta?"

"Yule alikuwa anaingia kwenye gari."

Mkewe alicheka bila furaha, akainuka kutengeneza nguo zake za kazi. Binti alikuwa amekaa kitandani, nyuma ya pazia lililogawa chumba. Alizungumza kutoka hukohuko.

"Ungeniambia asubuhi ningeliacha darasani."

"Ingekuwa kukutonya."

"Mimi mwanao, Baba. Ulitaka umtonye nani mwingine?"

Majibu aliyokuwa nayo yalikuwa ya kazini.

"Utarudi shule?" aliuliza hatimaye, na sauti yake haikuwa ya askari. Swali hilo ndilo lililomkosesha usingizi usiku ule. Aliijua shule ya bondeni. Aliwajua wasichana werevu waliotoka pale, walipo sasa: wengi walikuwa kwenye foleni yake.

Nyuma ya pazia binti alijilaza, akajifunika blanketi.

Siku iliyofuata mama alisimama mbele ya msimamizi wake na kuomba kwa unyenyekevu barua ya kuthibitisha kwamba tambara lilikuwa tambara. Alipewa. Naibu mkuu akaisoma, akashukuru, akasema hakuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Binti aliruhusiwa kurudi, na shule ikampa koti jipya la dukani kutoka kabati la misaada. Wiki hiyohiyo hadubini ikapatikana kwa fundi ambako mwalimu wa maabara aliipeleka, akasahau kuwaambia wenzake. Ukaguzi uliendelea. Ilionekana kwamba tangu uanze hakuna kilichopotea.

Jioni ya kwanza ya kurudi kwake, askari alimngojea kwenye foleni. Alikuwa ameamua kumpitisha haraka, afungue zipu na kuifunga, basi, Mizani asamehe. Wakapita watoto wote wa bondeni, mabegi yao yakiwa wazi tayari kabla hawajafika mezani, kama wafagiaji. Bintiye hakuwamo.

Gari la kijivu likaja polepole kutoka uwanjani. Usukani aliushika mama wa yule rafiki. Vioo vya nyuma vilikuwa vya giza, lakini jua lilipiga kutoka upande wa pili, na askari akaona vichwa viwili, kimoja kikiwa na nywele zilizosukwa na mkewe Jumapili. Alipandisha kizuizi. Mkono ukapanda wenyewe kwenye paji la uso, kwa saluti. Kioo hakikushuka.

Alipofika nyumbani, binti alikuwa ameshafika. Gari lilimshusha kwenye kona ya juu, kwani mama yule alisema barabara za bondeni zinaua matairi. Koti jipya, jeupe kuliko kitu chochote mle ndani, lilining'inia kwenye msumari. La zamani mama yake alikuwa amelichana, na sasa alikuwa akifuta meza kwa kipande chake.

Askari alivua kofia.

"Leo mmesoma nini huko maabara?"

Binti aliinua uso kutoka kwenye daftari. Hakukuwa na hasira usoni. Baba yake angeipokea hasira, angejua pa kuanzia.

"Tumesoma moto, Baba," alisema kwa adabu. "Asante kwa kuuliza."

Alingoja kidogo, kuona kama kuna swali jingine. Lilipokosekana, akarudi kwenye kazi yake.