Kucha za Mshubiri

Kila Jumamosi asubuhi Limi aliutoa mshubiri wake dirishani, akauweka kizingitini na kuumwagia nusu kikombe cha maji. Hakuzidisha hata tone. Masele, mumewe, aliyeupanda katika kopo la samli, alikuwa amemwonya: "Mmea huu hauuawi na kiu, Mama Mbuke. Unauawa na huruma."

Masele alishuka shimo namba mbili la mgodi Jumatatu moja ya mwaka 1951. Shimo likaporomoka, hakupanda tena. Wakubwa wakafukia mdomo wa shimo na kuandika kwamba katoroka. Mtoro hachimbuliwi, na mke wa mtoro hanyoi nywele za msiba. Limi akabaki hana mume wala matanga, na kukaa kitako kukamshinda. Aliuhamisha mshubiri dirishani kwenda mlangoni, mlangoni kwenda dirishani, hata binti yake Mbuke akamwambia mmea utashikwa na kizunguzungu.

Mwezi wa pili tangu hapo miiba ilidondoka, na mahali pake zikaota kucha. Zilikuwa kucha za mwanamume. Kwenye jani la chini ulikuwepo ukucha wa dole gumba uliopasuka katikati, kama wa Masele aliyepigwa na nyundo zamani kule Maganzo. Limi alichukua wembe akazikata, kama alivyozikata kila Jumamosi kwa miaka tisa.

Kilichomnyima raha ni uchafu. Kucha zilijaa vumbi la kijivu la mwamba, na kila wiki zilikuja zimelika zaidi, nyingine zina damu. Wiki ya tano alibeba kopo mpaka ofisini.

"Mwangaluka, karani."

"Mwangaluka, Mama Mbuke. Kaa."

"Sikai. Mume wangu yuko namba mbili, anakwaruza. Mfukueni."

Karani Onesmo alikuwa mtu wa haki. Alifungua faili, akasoma karatasi ya zahanati juu ya lile dole gumba, akalinganisha, akaafiki. Kisha akaingia na kopo kwa meneja. Hawakuchelewa.

"Bwana meneja amekubali, kucha ni za Masele," alisema, akimrudishia kopo kwa mikono miwili. "Lakini zinaota, mama. Mfu haoti kucha. Basi yu hai, na aliye hai asiyefika kazini ni mtoro."

Akagonga muhuri. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Maji usizidishe. Wa kwangu ulioza."

Limi alilia njia nzima, kwa hasira, kopo kifuani, kucha zikimkwaruza shingo.

Jumamosi iliyofuata aliutoa mshubiri kizingitini, akaupa nusu kikombe chake. Mbuke akamletea wembe.

"Rudisha ndani," Limi akasema. "Ziache zirefuke. Baba yako bado anachimba."