Utando wa Juu ya Moyo

Kwa miaka kumi na moja alitunza samaki wa maabara, wale wadogo wenye mistari, ambao ukiwakata kipande cha moyo, baada ya miezi miwili moyo unakuwa mzima kama haukuguswa. Wenzake walimwita Mama Samaki.

Kaka yake, seremala, alipopata shambulio la moyo, daktari alimwambia kuwa palipokufa pamebaki kovu, na kovu halipigi. Tangu siku hiyo ngazi tatu zilimtosha kuhema.

"Hao samaki wako wanatushinda nini, mdogo wangu?" alimuuliza, nusu mzaha.

Swali likamkaa rohoni.

Mtafiti mkuu alikuwa na kundi la samaki aliowakata moyo na kuwaulia chembe hai za utando wa juu yake. Wengi hawakupona. Wachache tu walianza kupona, naye akawaona wamemvurugia hesabu. "Hao wameharibika. Watupe."

Mama Samaki hakuwatupa. Aliwaweka tangi la nyuma, na kila wiki aliwatazama kwenye darubini. Akaona utando unarudi, unatambaa kutoka shina la moyo kuelekea nchani, na kila ulipopita, nyama mpya iliota. Alichora yote kwenye daftari, akampelekea mtafiti. Yule bwana alifungua mdomo ili amgombeze, akaliona daftari, akaketi kulisoma.

"Niachie hili," alisema.

Jioni hiyo Mama Samaki alimweleza kaka yake. "Utando huohuo ndio unaouvika moyo tangu kiumbe kikiwa kwenye yai. Chembe zake nyingine huzama ndani, zikasaidia kujenga mishipa. Sisi tukishakua, wetu unalala."

"Si muuamshe!"

"Ndiyo tunatafuta namna. Na safari hii utaliona jina langu kwenye jarida la sayansi."

Jarida lilipotoka mwaka uliofuata, kaka alivaa shati la kutokea, akapitisha kidole chake kinene kwenye orodha ya majina. Akarudia.

"Uko wapi hapa?"

Hakuwapo. Mwishoni kabisa walishukuriwa wahudumu kwa usafi wa matangi.

Kesho yake alimkabili mtafiti. "Uliniambia niwatupe."

"Mama, wewe ulitazama. Kuelewa ni kazi nyingine." Alisema kwa upole, kama anayemfariji.

Kaka aliposikia, aliinuka aende huko mwenyewe. Alifika mlangoni, akashika fremu, midomo imepauka.

"Kaa, kaka. Tafadhali kaa."

Akakaa, machozi ya hasira yakimlenga, akatazama pembeni ili dada yake asiyaone.

Mama Samaki hakuacha kazi, samaki wangekula nini? Ila miezi minne baadaye, kwenye tangi la saba, aliona samaki mmoja ambaye moyo wake ulipona kwa nusu ya muda wa wenzake. Kalamu aliiacha mfukoni. Alijua fika kwamba asipoandika hamkomoi mtafiti peke yake, bali na kaka yake.

Akabadilisha maji, akafunika tangi, akaenda kuosha nyavu.