Samaki Sita wa Mama Prudencia

Dorotea alikubali kabla hajafikiri. Daktari Rugemalira alikuwa amekaa sebuleni, nyumbani kwake Isamilo, akimweleza kwamba nyumba imepata mnunuzi na kwamba yeye anarudi Bukoba kuishi karibu na dada yake. Vitabu vitasafiri kwa meli, makochi yatauzwa. Samaki ndio hakujua awafanyeje. Tanki lao la kioo lilikuwa limejengewa ndani ya ukuta, halibanduki, na mnunuzi alishasema pale ataweka televisheni. Dorotea alikuwa amesimama na kitambaa cha vumbi mkononi. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Nitawachukua mimi, Daktari."

 Mzee alikuwa na miaka sabini na minne, alikuwa ametibu macho ya watu wa kanda ile karibu nusu ya maisha yake, na maneno mengi hakuyapenda. Akamwuliza kama ana hakika. Dorotea akasema anayo, ingawa hakuwa nayo hata kidogo.

Samaki wenyewe waliitwa diskasi. Asili yao ni mito ya Amerika ya Kusini. Ni wembamba na wa duara, kama sahani iliyosimamishwa wima, na hawa walikuwa na mistari ya buluu juu ya mwili wenye rangi ya tofali la kuchoma. Mke wa Daktari, Mama Prudencia, ndiye aliyewaleta nyumbani wakiwa wadogo, mwaka mmoja kabla hajafariki. Tangu afariki ilikuwa imepita miaka minne. Dorotea, aliyepika na kutunza nyumba ile tangu binti yake Rose akiwa darasa la tatu, aliwahesabu samaki wale kama sehemu ya usafi wa asubuhi: sakafu, vyoo, madirisha, samaki.

Jioni alipofika Kisesa alimwambia mumewe. Nkwabi alikuwa Msukuma wa Bujora, mfugaji, mwenye bucha dogo kando ya barabara, mbele ya nyumba yao. Akauliza kama samaki hao wanaliwa. Hawaliwi. Wanauzwa? Dorotea hakujua. Sasa wao wanakula nini? Dorotea akaeleza kwamba chakula wanachokipenda kuliko vyote ni moyo wa ng'ombe uliosagwa na kuchanganywa na mchicha.

Nkwabi akaweka kikombe chini. "Yaani samaki anakula ng'ombe," akasema.

Hakukataa wala hakukubali. Alitoka kwenda kutazama ndama, na aliporudi hakulizungumzia tena.

Daktari alikuwa amempa miezi miwili. Dorotea akanunua daftari na kuanza kupanga, akiamini kwamba jambo hili, kama mapishi, lina njia yake, na ukiifuata utafika. Alianza na Daktari mwenyewe, ambaye alimwandikisha kwa sauti ya taratibu kama anayetoa dawa. Tanki liwe kubwa, lita mia tatu au zaidi. Maji yawe laini, yenye joto la nyuzi ishirini na tisa mchana na usiku, kwa hiyo lazima kuwe na hita. Likijazwa maji, lisubiri wiki sita bila samaki ili liive. Dorotea akaandika "liive" na kulipigia mstari. Maji yataivaje bila kitu ndani yake? Aliona aibu kuuliza.

Kisha akaenda mjini kwa kijana mmoja aitwaye Paulo, aliyekuwa na duka la samaki wa mapambo na vyakula vya kuku. Paulo akamwambia diskasi si samaki wa kuanzia, ni wa mtu aliyeshazoea. Aweke mchanga mwembamba, magogo na mimea, maana kwao wanaishi katikati ya mizizi. Rose, aliyekuwa akifanya kazi ya uuguzi Magu, akamtumia mama yake video kwenye simu. Katika ya kwanza mtu mmoja alisema mchanga ni kosa kubwa, kioo cha chini kibaki kitupu. Mwanamke mwingine akasema kila siku ubadilishe nusu ya maji. Wa tatu akasema tanki jipya lisiguswe kabisa, kwamba wanaobadilisha maji ovyo ndio wauaji. Wote walikuwa wamesimama mbele ya samaki wazuri wenye afya, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kujua nani mwongo.

Bwana mmoja wa idara ya uvuvi, mteja wa Nkwabi, alisimama buchani kununua nyama akasema diskasi ni ndugu wa sato na furu wa hapa ziwani, ukoo mmoja, na kwamba haoni tatizo liko wapi. Nkwabi alifurahi kusikia hivyo. Dorotea akauliza kama basi maji ya ziwa yatawafaa. Yule bwana akafikiri, akasema huenda yatawafaa na huenda yasiwafae, akalipa akaondoka.

Maji ndiyo yaliyomchanganya kuliko vyote. Ya kisima cha Kisesa yaliacha ukoko mweupe ndani ya birika. Ya bomba yalikuwa na dawa. Ya mvua yalikuwa laini, lakini Paulo alisema maji ya mvua matupu hayana kitu, samaki watadhoofu. Dorotea alijaza kurasa kumi na moja za daftari, na ukurasa wa saba ulikuwa unabishana na wa tatu. Usiku alilala akiwaza asidi ya maji, neno alilolipata kwenye video. Alikuwa mwanamke aliyeweza kupikia watu mia mbili harusini bila kuandika chochote, na sasa alisimama mbele ya ndoo ya maji hajui aiamini au asiiamini.

Mambo ya mikono yalikwenda vizuri zaidi. Fundi wa vioo wa Igoma alikata na kugundisha tanki lenye urefu wa mita moja na robo. Nkwabi, aliyekuwa amekaa kimya wiki mbili, akauliza likijaa litakuwa na uzito gani. Dorotea akamwambia, zaidi ya kilo mia nne. Nkwabi akazunguka sebule akigonga sakafu kwa kisigino.

"Mama Rose, hilo ni dume zima la ng'ombe," akasema. "Huwezi kulisimamisha juu ya meza ya mbao."

Alikwenda mwenyewe kwa mchomeleaji, akarudi na stendi ya chuma yenye miguu sita. Wakaiweka kwenye kona isiyopigwa na jua. Kochi likahamia chumbani.

Siku iliyofuata Daktari alipiga simu. Mnunuzi alitaka nyumba mwisho wa juma. Wiki sita za kuivisha maji zikawa siku nne.

Kesho yake Dorotea alikimbilia kwa Paulo, na Paulo akamtuliza. Kuna njia, akasema. Lile tanki la zamani lina chujio, na ndani ya chujio kuna sponji. Uchafu wa sponji ile una vijidudu vinavyokula sumu ya samaki. Aihamishe ilivyo, na uchafu wake wote, tanki jipya litakuwa limeiva siku hiyohiyo.

Dorotea akakaa chini kwenye gunia la pumba. Jana yake, kwa sababu alitaka samaki waondoke Isamilo wakiwa safi, alikuwa ameichukua sponji ile akaifua kwa sabuni na maji ya bomba mpaka ikawa nyeupe. Zamani alikuwa akiikamua tu ndani ya ndoo ya maji ya tanki. Kuifua kwa sabuni ilikuwa ni heshima ya kuagana.

Akamweleza Paulo. Paulo alijaza gunia lingine, kisha akamwambia ajaribu hivyohivyo.

Siku ya kuhama Nkwabi aliazima pikapu ya jirani. Waliweka samaki kila mmoja kwenye ndoo yake yenye mfuniko, wakazifunika ndoo kwa mablanketi, na Nkwabi akaendesha taratibu mpaka pikipiki zikawapigia honi. Daktari alisimama getini akiwa amevaa koti. Dorotea alimwamkia shikamoo ya kuagana, mzee akaitikia marahaba na kugeuka upesi. Walipofika nyumbani, Nkwabi ndiye aliyesema samaki wasimwagwe. Akachota kwa kikombe maji ya tanki jipya, lililojazwa na kupashwa joto tangu jana, na kuyaongeza kwenye ndoo moja moja, kidogo kidogo, kwa muda wa saa nzima. Samaki walipoingia wote tankini, alifunika kioo kwa kitenge. "Ng'ombe mgeni humwekei watu wa kumshangaa," akasema.

Asubuhi Dorotea aliinua kitenge. Samaki wote walikuwa wamejikusanya kona moja, weusi kama makaa, mistari ya buluu haipo.

Hawakula siku hiyo wala siku ya pili. Dorotea alisoma daftari tangu mwanzo. Akaamua kumfuata mtu wa video ya tatu, kwamba tanki jipya lisiguswe, kwa sababu huyo ndiye aliyeongea kwa uhakika zaidi. Kwa hiyo hakuligusa. Siku ya tatu walikuwa wakihema haraka, mapezi yamebana mwilini. Siku ya tano aliye mdogo kuliko wote alikuwa amelala ubavu kwenye kioo cha chini, amekufa. Nkwabi akamzika nyuma ya zizi, akisema hawezi kumtupia mbwa kitu kilichotoka kwa marehemu.

Hapo ndipo Dorotea alipompigia Daktari Bukoba. Alieleza kila kitu, pamoja na sponji. 

"Mama Rose," Daktari akasema, "mimi sijawahi kuwatunza wale samaki. Hata siku moja."

Dorotea hakuelewa. Mzee akaendelea. Yale aliyomwandikisha aliyasoma kwenye kitabu cha Prudencia, baada ya Dorotea kukubali kuwachukua. Aliona vibaya kumpa samaki bila maelezo. Prudencia alipougua alikuwa hajamwonyesha mumewe kitu, na alipofariki Daktari alingoja samaki wafe. Hawakufa. Basi akawa anakaa na kuwatazama.

"Miaka minne nilidhani unajua," akasema. "Kila asubuhi nilikuona pale. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasafisha tu, Daktari."

"Unasafishaje? Nieleze."

Dorotea akaeleza, akiona haya kama anayeulizwa anavyooga. Alitoa ndoo mbili za maji kutoka chini, penye kinyesi. Alirudisha ndoo mbili kutoka pipa la barazani, maji ya bomba yaliyolala tangu jana, na mvua ikinyesha, basi ya mvua pia. Aliongeza maji ya moto kutoka birika mpaka mkono usisikie baridi wala joto, kisha akawawekea moyo na mchicha. Mama Prudencia alimwonyesha mara moja, na yeye hakuacha kwa sababu hakuna aliyemwambia aache.

"Fanya hivyo," mzee akasema. "Mimi sina lingine la kukuambia."

Dorotea alikata simu bila kuaga vizuri, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mzee yule. Hakujua kama amekasirika au ameona aibu, na kama ni hasira, ni ya nani. Alikuwa amezunguka mji mzima akitafuta watu wanaojua. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni kwa muda. Kisha akaanza kukinga maji ya bomba kwenye pipa.

Kesho yake alitoa ndoo mbili. Akatazama samaki, akatoa ya tatu na ya nne, bila kusoma mahali popote, kwa kuwa maji yalinuka tofauti na ya Isamilo. Akarudisha maji yaliyolala, akapima kwa mkono. Akafanya hivyo jioni tena. Umeme ulipokatika Nkwabi alilivika tanki mablanketi, akakaa akipuliza hewa kwa pampu ndogo ya betri aliyoipata kwa Paulo. Siku ya nne ya kubadilisha maji samaki mmoja alisogea mbele ya kioo. Mistari yake ilikuwa imeanza kurudi, hafifu, kama wino uliolowa. Siku ya sita Dorotea aliweka kipande cha moyo chenye ukubwa wa punje ya mchele. Kililiwa.

Walibaki watano. Paulo alikuja kuwaona, akauliza maji yake yana asidi kiasi gani, na Dorotea akamwambia hajui. Paulo akapima kwa vikaratasi vyake, akasoma, akapima tena. Akasema kwa vipimo vile samaki hawa hawakupaswa kuwa na rangi nzuri namna ile.  

Mwezi wa tatu, samaki wawili walianza kuwafukuza wenzao kutoka upande wa kulia wa tanki. Dorotea alidhani ni ugonjwa. Kisha akaona mayai yamepangwa juu ya bomba la chujio, madogo kama mbegu za mchicha, na wale wawili wakiyapepea kwa mapezi. Alijiandaa kuyakuta yameliwa, maana Paulo alisema mara nyingi huliwa. Siku chache baadaye mayai hayakuwepo, naye akakata tamaa. Nkwabi ndiye aliyemwita, akiwa ameinama mbele ya kioo na aproni yake ya bucha kiunoni.

Vifaranga vilikuwa vimegandamana kwenye ubavu wa mama, makumi ya vijidoa vinavyotikisika, vikichokonoa ngozi yake. Mama alitulia. Baada ya muda alijitikisa kidogo akasogea, na vifaranga vyote vikahamia kwa baba, vikaanza kuchokonoa huko.

Nkwabi akasogeza uso karibu na kioo. "Wananyonyesha?" akauliza.

Dorotea akasema anavyoona ni ule ute wa ngozi ndio wanaokula. Kama huo ni maziwa au si maziwa, hajui.

"Na dume naye?"

"Unamwona."

Nje, mteja alikuwa akigonga meza ya bucha kwa sarafu. Dorotea akamkumbusha mumewe kwamba kuna mtu. Nkwabi akavuta kigoda kwa mguu, akakaa, akasema huyo mtu atasubiri.