Moto Usioonekana Juani

Jumatatu tarehe 3 Juni 1963, kabla ya saa moja asubuhi, pikapu ya Tsuma Dzombo ilizimika katikati ya barabara ikielekea Msambweni. Tsuma alifungua mfuniko wa tangi, akatumbukiza kijiti, akakitoa. Kijiti kilikuwa kikavu.

Ndani alikuwamo mkewe, Mwanatumu, amempakata binti yao Mwanarusi, mtoto wa miaka sita, aliyeshikwa na degedege tangu alfajiri. Mwanatumu alimfunga mtoto kwa leso, akashuka, akaanza kutembea. Lori la miwa lilimkuta njiani likampeleka. Hospitalini walimpokea mtoto wakamlaza kitandani, kisha wakamwambia mama yake kwamba hakuwa hai tena.

Petroli ilikuwa imekwisha kwa sababu inayojulikana. Jumamosi ilikuwa siku ya Madaraka, na Tsuma aliwabeba watu wa kijiji chake, Bodo, kwenda Kwale na kuwarudisha, bure, wakiimba njia nzima. Jumapili mwenye petroli alifunga duka. Watu waliobebwa Jumamosi ndio waliochimba kaburi.

Tsuma alikuwa fundi. Alikuwa amefanya kazi katika karakana ya kiwanda cha sukari, na huko alijifunza kwamba molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, ikichachushwa na kukenekwa, yaani kuchemshwa na mvuke wake kupozwa, hutoa spiriti, na kwamba injini ya petroli inaweza kwenda kwa spiriti. Molasi ilikuwa ikimwagwa mtaroni nyuma ya kiwanda. Matanga yalipoondolewa tu, alianza kuisomba.

Mtambo aliujenga uani: pipa la mafuta alilolichomelea kifuniko, bomba la shaba lililopindwapindwa ndani ya pipa la pili lenye maji baridi, na chupa mwishoni. Hamira hakupata. Alikwenda kwa mgema Kaingu akanunua tembo kali la mnazi, akalitia katika molasi ili ichachuke. Tembo hilo alilibeba mchana, ndani ya kibuyu, mbele za watu. Hakuona sababu ya kulificha.

Kilichotoka mara ya kwanza kilikuwa na maji mengi. Alikipima kwa kukiwasha katika kijiko na kutazama maji yaliyobaki moto ulipozimika. Akakikeneka tena. Kisha akatia chokaa ya matumbawe iliyotoka tanurini, ambayo haijaguswa na maji, ili inywe maji yaliyosalia, akakeneka mara ya tatu. Safari hii kijiko kilibaki kikavu. Alipanua tundu la kabureta kidogo, kwa kuwa injini hula spiriti nyingi kuliko petroli. Pikapu ikawaka.

"Bwana fundi, gari lako limelewa!" alipiga kelele jirani yake, Menza, kutoka ng'ambo ya ua. "Likianza kupepesuka utalipeleka kwa kadhi?"

"Ni mafuta, Menza."

"Na yule mlevi wa Kaingu naye husema ni dawa. Haya, tutaonja lini?"

"Hayaonjwi."

"Lo! Makali kiasi hicho?"

Tsuma alifunga boneti akaingia ndani. Menza hakuwa na nia mbaya. Lakini alikuwa na sauti kubwa, na wiki haikwisha kabla Bodo yote haijajua kwamba fundi anapika piwa, ile pombe ya kukeneka.

Arobaini ya mtoto ingeangukia Ijumaa, tarehe 12 Julai. Mwanatumu alikuwa ameshaweka nia: hitima isomwe nyumbani, mahali mwanawe alipozaliwa, na waje watu wote. Hakuwa na jambo jingine alilolitaka. Alizunguka nyumba kwa nyumba kualika, akarudi mapema.

"Baba Mwanarusi," alisema, "wanawake hawataki kuja kunipikia. Wanasema jiko langu linanuka piwa."

"Si piwa."

"Mimi najua si piwa. Nakuuliza, nani atamsomea mwanangu?"

"Nitawathibitishia."

"Sikukuomba uthibitishe. Nakuomba uliondoe lile pipa. Lipeleke porini, hitima ikisha ulirudishe."

Tsuma alilipima jambo hilo. "Nikilificha watasema kweli ilikuwa pombe."

"Na waseme."

"Na siku hiyo tangi likiwa tupu?"

"Siku hiyo yuko nani wa kupelekwa hospitali?"

Pipa lilibaki pale lilipokuwa.

Ijumaa iliyotangulia hitima, watu walipotoka msikitini, walimkuta Tsuma kiwanjani na chupa na sahani ya bati. Mbele yao alikuja Mwalimu Salimu, aliyekuwa akimfundisha Mwanarusi Kurani chuoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea nini?"

"Ushahidi."

Jua lilikuwa utosini. Tsuma alimimina spiriti katika sahani, akawasha kiberiti, akakitupia humo, akarudi nyuma. Watu walisogea. Sahani ilikuwa vilevile: bati jeupe, maji maangavu, hakuna mwali wala moshi. Harufu tu, na harufu ilikuwa ya tembo.

"Mbona haiwaki?" mtu mmoja aliuliza.

"Imeona msikiti ikaona haya," alisema Menza, na watu wakacheka. Akachuchumaa na kunyoosha kidole.

"Usiguse!" Tsuma alimvuta bega. Jambo hili alilijua. Spiriti safi huwaka kwa moto usioonekana juani. Hakulikumbuka alipochagua saa. Aliokota kipande cha kuti kavu akakiweka juu ya sahani. Kuti lilishika moto, likapinda, likawa jeusi.

Hakuna aliyecheka tena. Menza alikuwa akikitazama kidole chake.

"Nimeona," alisema Mwalimu Salimu. "Inawaka. Na piwa, nayo ikiwashwa, haiwaki?"

"Inawaka, Mwalimu."

"Hii uliichachusha kwa kitu gani?"

"Molasi na tembo la Kaingu."

Waliokuwa nyuma walianza kuondoka mmoja mmoja.

"Yule mtoto nilimshika mkono mimi kumwandikisha alifu," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Kumsomea nataka. Wewe liondoe pipa tu, na hawa wote nitawaleta mwenyewe. Sikuulizi tena ni mafuta au si mafuta."

Lilikuwa jambo jepesi. Tsuma alipaswa kusema ndiyo.

"Ni mafuta, Mwalimu," alisema.

"Haya, mwanangu. Mungu akupe subira."

Mwanatumu aliipata habari kabla mumewe hajafika nyumbani. Hakugombana naye. Siku ya pili alituma ujumbe kwa kaka yake Chome, Msambweni, kumwomba hitima isomwe nyumbani kwake. Chome alikubali.

Ijumaa ya arobaini, baada ya sala ya alfajiri, Mwanatumu alifunga mchele na ubani ndani ya beseni. Tsuma alikuwa amekwisha kujaza tangi, kuwasha injini na kumfungulia mlango. Mwanatumu alijitwika beseni, akaupita mlango, akashika njia.

Tsuma alimfuata kwa gia ya kwanza.

"Panda, Mama Mwanarusi. Ni mbali."

"Naijua ilivyo mbali."

"Beseni basi. Nibebe beseni."

"Mchele wa hitima ya mwanangu ufike unanuka tembo?" Hakugeuza shingo.

Walikwenda hivyo, mke mbele kwa miguu na mume nyuma kwa gari, hadi jua likapanda. Wakata miwa walisimamisha kazi kuwatazama. Injini haikuzimika hata mara moja. Mwanatumu alibadilisha mkono wa kushikia beseni, akapumzika kwenye daraja, akaendelea. Tsuma naye alipumzika, akaendelea.

Msambweni, Mwanatumu aliingia uani kwa kaka yake, na wanawake wakampokea beseni. Tsuma alibaki nje. Chome alimletea kanzu safi na kumkaribisha ndani. Alishukuru, akavaa, akakaa barazani nyuma ya watu wote. Hitima ilisomwa baada ya sala ya Ijumaa. Ilipofika dua, alisikia likitajwa jina la Mwanarusi binti Tsuma. Watu waliitikia amina.

Watu walipokwisha kula, Chome alitoka.

"Shemeji, Mwanatumu anasema utangulie."

"Nitamngoja."

"Anasema utangulie."

"Mwambie pipa nitaliondoa leo."

Chome aliingia ndani. Alikawia. Alipotoka alikuwa ameshika sahani ya pilau iliyofunikwa.

"Nimemwambia," alisema. "Amekupakulia chakula."

Tsuma aliipokea sahani kwa mikono miwili.

Jumapili, Chome alifika Bodo. Uani hapakuwa na pipa. Alichukua sanduku la nguo za Mwanatumu na mkeka wa mtoto. Tsuma alitaka kumpeleka kwa gari. Chome alisema atakwenda kwa miguu, akajitwika sanduku, akaondoka.