Mzigo Ambao Syprose Hakuupima

Kwa miaka kumi na saba Syprose Mongina alikuwa mtunza stoo wa kiwanda kidogo cha chai nje ya Merigi, Bomet, na hakuna gunia lililotoka pale bila yeye kuliona likipanda mizani. Alikuja kutoka Kisii kuchuma majani, akaolewa hapo, akafiwa na mume hapo, na watu wakamwita Mama Bosire kwa jina la mwanawe. Kipsigis chake, lugha ya wenyeji, kilikuwa kimenyooka hata wageni walidhani ni mzaliwa.

Mwezi wa pili benki ya Nairobi ilimtuma dada aitwaye Janeffer, mwenye kompyuta begani na viatu visivyojua tope, aje kuwaeleza kitu kinachoitwa blokcheni.

"Mkiuza chai Karachi, karatasi zinazunguka miezi miwili kabla mlipwe," Janeffer alisema. "Sasa kila mtu ana kitabu kile kile kwa simu. Nyinyi, benki, bandari ya Mombasa, mnunuzi. Mama Bosire akithibitisha amepima mzigo, wote wanaona saa hiyo hiyo, na benki inalipa kwa siku tatu."

"Na nikikosea?" Syprose aliuliza.

"Unaandika sahihisho chini yake. Lakini ulichoandika kwanza hakitoki. Hata mimi siwezi kukifuta."

Syprose hakukipenda kitabu hicho. Lakini wenzake walipiga makofi, naye akapiga.

Alipewa maneno kumi na mawili ya siri, ambayo ndiyo yalikuwa sahihi yake. Mwenye maneno hayo angeweza kuthibitisha mzigo kwa jina lake kutoka simu yoyote. Aliyaandika kwenye karatasi na kuiweka ndani ya Biblia yake. Wiki haikuisha kabla meneja, Bwana Bethwel, hajamwita ofisini.

"Mama Bosire, ukiwa mgonjwa je? Kazi itasimama. Leta hayo maneno nikuwekee kwa sefu."

"Dada wa benki alisema nisimpe mtu."

"Mimi ni mtu?" Bethwel akacheka. "Mimi ni meneja wako."

Aliyaleta ndani ya bahasha iliyofungwa. Akitoka alitazama nyuma, akamwona Bethwel anaipima ile bahasha mkononi kama anayepima uzito. Tangu siku hiyo moyo haukutulia. Mara mbili alimwona Janeffer ndani ya gari la meneja, vioo vimepandishwa, wawili wakizungumza. Labda ni kazi tu. Labda sivyo.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano, alipofungua simu athibitishe mzigo mwingine, alikuta ingizo asilolijua. Mzigo namba 44, magunia mia tatu na ishirini, umepimwa Jumanne saa tano na dakika ishirini asubuhi. Umethibitishwa na S. Mongina.

Syprose alilisoma mara tatu. Kisha akaingia stoo na kuufunga mlango nyuma yake.

Magunia yalikuwepo, mia tatu na ishirini kamili, yana karatasi za namba 44. Akachokoa pembe ya karatasi moja kwa ukucha. Chini yake palikuwa na karatasi nyingine, namba 41. Akachokoa gunia la pili, la tatu, la kumi. Yote 41. Huo ndio mzigo alioupima kwa mikono yake wiki iliyopita, benki ikaulipia, ukawa unangoja lori la Mombasa. Chai ile ile ilikuwa imepewa jina jipya ili ilipiwe tena. Kitabu kilijua namba tu, hakikujua majani.

Na aliyeapa kwamba ni mzigo mpya alikuwa yeye.

Hakujua nani yuko na nani, kwa hiyo hakuuliza waziwazi. Alimpitia Kipchoge, fundi wa jenereta, kama mtu anayepiga soga.

"Jumanne stima ilitutesa, eh?"

"Wacha tu. Ilipotea saa mbili asubuhi ikarudi saa tisa. Jenereta iliendesha feni za kunyaushia majani tu. Stoo yako haikupata kitu."

Mizani ya stoo ilitumia stima.

Akaenda kwa Bethwel. Meneja alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Ni system imejichanganya. Usijisumbue."

"Karatasi pia zimejibandika?"

Sasa Bethwel aliinua macho. Sauti yake ilibaki ya upole. "Mama Bosire, jina lililo pale si langu. Ni lako. Ukipiga kelele, polisi watamwuliza nani kwanza?"

Syprose alirudi stoo. Alifikiria kumpigia Janeffer, kidole kikafika kwenye namba, kikarudi. Lile gari lenye vioo vilivyopandishwa lilimzuia. Mtu mmoja akiambiwa, anaweza kunyamazishwa au akanyamaza mwenyewe. Ndipo akakumbuka sahihisho.

Aliketi juu ya magunia akaandika kwa kidole kimoja: "Mimi Syprose Mongina sikupima mzigo 44. Jumanne saa hiyo mizani haikuwa na stima. Magunia ni ya 41, yamebandikwa karatasi mpya. Maneno yangu ya siri nilimpa meneja." Akabonyeza.

Haikupita nusu saa, Bethwel akaingia stoo mbio, tai imegeukia mgongoni. "Toa! Toa hiyo kitu saa hii!"

"Haitoki," Syprose alimwambia. "Tuliambiwa sote."

Karachi walikuwa wameshalisoma sahihisho. Mombasa pia.

Benki ilisimamisha malipo siku hiyo hiyo. Janeffer alikuja na wakaguzi, wakagundua mzigo namba 38 nao ulikuwa umezaliwa mara mbili, ukalipiwa mara mbili. Bethwel alipelekwa mahakamani Bomet. Syprose alipewa barua ya onyo kwa kutoa siri yake, akaitia sahihi bila kubisha, kwa sababu ilikuwa kweli.

Lakini kiwanda kilifungwa siku tisa. Majani ya wakulima yaligeuka meusi kwenye vituo vya kununulia, na watu walijua ni kidole cha nani kilichobonyeza. Jirani yake Chepngetich, aliyemwaga kilo themanini mtaroni, aliacha kumjibu salamu.

Kiwanda kilipofunguliwa, Syprose alichukua kikapu Jumamosi asubuhi na kuingia shambani kwa Chepngetich bila kualikwa. Wakachuma mistari miwili iliyokaribiana hadi jua likapanda.

"Huyo msichana wa benki," Chepngetich akasema hatimaye, bila kugeuka. "Una hakika hakuwa pamoja na Bethwel?"

Syprose alitupa konzi ya majani kikapuni. Wakaguzi walikuwa wamemsafisha Janeffer. Wakaguzi hao waliletwa na Janeffer.

"Sina," alisema.

Chepngetich akaguna, akahamia kwenye mstari wake, na wakaendelea kuchuma.