Mwezi Kiziwi

Mtaa mzima ulimwita Bi Pasi, na jina hilo hakulipata kwa kunyoosha nguo. Alilipata siku alipomrushia shemeji yake pasi ya mkaa, ile nzito ya chuma, ikampita karibu na sikio, ikagonga mlango na kuacha shimo la kutosha ngumi. Shemeji alisalimika, mlango haukusalimika, na watu wakapata la kuzungumza mpaka wakachoka.

Ugomvi ulikuwa wa chumba. Chumba cha mbele cha nyumba ya familia ndicho alichoshonea Bi Pasi na marehemu mumewe, yeye akikata vitambaa, mume akikanyaga cherehani, wakibishana kutwa kuhusu vipimo na kucheka kutwa kuhusu mabishano. Mume alipofariki, Bi Pasi alihamia upande wa kukanyaga na kazi ikaendelea. Lakini mdogo wa marehemu, huyo shemeji, alikuwa na duka la rangi mlango wa pili, na makopo yalikuwa yamemjaa mpaka chini ya meza. Alikitaka chumba kiwe ghala. Siku alipokuja kupima ukuta kwa futi bila hata kubisha hodi, ndiyo siku ya pasi.

Baba mdogo wa marehemu, mzee mwenye miwani na haraka zisizokwisha, aliitwa kuamua. Alisikiliza huku amesimama.

"Chumba kibaki kwa mjane," alisema. "Lakini sitaki vita katika nyumba ya kaka yangu. Kuanzia leo, kati yenu wawili, atakayeanza shari hana chake hapa. Nimemaliza, nina safari."

Alisema "kati yenu wawili," lakini macho aliyatupa kwenye mlango wenye shimo. Bi Pasi aliona. Shemeji naye aliona, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na tangu siku hiyo alijua njia ya kukipata chumba: amchokoze shemeji yake mpaka arushe kingine.

Siku chache baadaye ukaandama mwezi wa Rajabu.

Darsa la wanawake lilifundishwa na mkunga mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, ambaye nusu ya wanafunzi wake alikuwa amewapokea mwenyewe siku walipozaliwa. Alhamisi ile alizungumzia mwezi ulioingia. Alisema Mwenyezi Mungu ameitukuza miezi minne katika mwaka. Mitatu imefuatana kama ndugu, na Rajabu umekaa peke yake. Jema linalotendwa ndani yake ni zito, na dhuluma ni nzito zaidi, na mtu wa kwanza unayemdhulumu ni wewe mwenyewe.

"Watu wa kale waliuita mwezi kiziwi," alisema, "kwa kuwa haukusikika ndani yake mlio wa silaha. Mtu alikutana njiani na aliyemuua baba yake, na akampisha."

"Akampisha hivi hivi?" aliuliza Bi Pasi kutoka nyuma.

"Hivi hivi."

"Na mwezi ukiisha?"

Wanawake waliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Hilo ndilo swali, mwanangu," alisema. "Nenda nalo nyumbani."

Bi Pasi hakwenda nalo popote. Alisimama palepale, akajifunga mtandio upya, akasema mbele ya wote: "Basi nishuhudieni. Rajabu yote sitainua mkono wala sauti kwa mtu yeyote, hata huyo mnayemjua. Lakini ukiandama mwezi mwingine, mwambieni ajiandae!"

Kabla hajafika nyumbani, shemeji alikuwa amekwisha kuambiwa.

Tangu hapo hakumpa nafasi ya kupumua. Asubuhi Bi Pasi alikuta makopo ya rangi yamepangwa mlangoni kwake, ikabidi wateja wapite upande upande. Mchana redio ya dukani ilifunguliwa mpaka kioo cha dirisha kikawa kinatetemeka. Mteja mmoja wa miaka mingi alisimamishwa njiani na shemeji, akaambiwa kwamba fundi wa cherehani amehama, na kama si yule mteja kuisikia cherehani ikilia ndani, angegeuza. Halafu siku moja tone la rangi ya bluu likarukia kanzu nyeupe iliyoanikwa, kanzu ya mtu, iliyobaki vifungo tu.

"Samahani sana, shemeji," alisema shemeji akiwa na brashi mkononi. "Upepo."

Upepo haukuwapo. Bi Pasi aliianua kanzu. Akaingia nayo ndani, akaketi, akakata upya kipande cha kanzu.

"Huyo nimemwekea," alimwambia mama mkwe wake. "Kila analofanya naliweka. La makopo nimeliweka, la redio nimeliweka. Siku ya kulitoa atatafuta pa kujificha."

Mama mkwe alikuwa mzazi wa wote wawili, marehemu na shemeji, na ndiye aliyekuwa akishona vifungo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa kusikiliza na kuchoma sindano.

"Kwa hiyo mwezi mzima huu," alisema bila kuinua macho, "unanoa."

"Sinoi, mama. Nasubiri."

"Haya." Akakata uzi kwa meno.

Ukweli ni kwamba alikuwa akinoa. Usiku na mchana alikuwa akitunga maneno, akiyapanga, akiyapangua, akitafuta lile litakalochoma zaidi. Alikuwa nayo ya kuhusu uvivu wa shemeji, ya kuhusu siku alipochelewa mazishi ya kaka yake kwa sababu ya mteja wa rangi, na neno moja kubwa kuliko yote ambalo hakumwambia hata mama mkwe. Aliposali alisali na hayo kifuani. Mkono wake ulikuwa mtukufu na ulimi wake ulikuwa mtukufu, moyo ndio ulikuwa na karamu yake pembeni.

Siku ya ishirini na tisa mawingu yalijaa tangu alasiri. Watu walitoka kutazama mwezi, wakatazama, wakarudi. Baada ya sala ya magharibi ikatangazwa msikitini kwamba haukuonekana, kwa hiyo Rajabu unatimiza thelathini.

Mama mkwe ndiye aliyemletea habari alfajiri, Bi Pasi akiwa amekwisha kuvaa nguo yake nzuri kwa ajili ya vita.

"Vaa ya kazini," alimwambia. "Rajabu bado upo."

"Upo vipi?"

"Haukuonekana. Mawingu."

Bi Pasi aliketi kitandani kwa kishindo. "Hata mawingu yamekula njama na mwanao!" alisema. Alikuwa na hasira ya kweli, ya mtu aliyevumilia njaa mpaka sahani ikaletwa, kisha ikarudishwa jikoni. Lakini ahadi ilikuwa ahadi, tena mbele ya wanawake wale wenye kumbukumbu ndefu. Alivua nguo nzuri, akavaa ya kazini.

Shemeji hakusikia tangazo lolote. Jioni ile hakufika msikitini, alikuwa akipakua mzigo. Dukani kwake ilitundikwa kalenda ya ukutani yenye picha ya makopo, na kalenda ile ilikuwa imeupa Rajabu siku ishirini na tisa, ikamaliza. Kwake yeye mwezi wa ahadi ulikuwa umekwisha, na shemeji yake mwenye mkono mwepesi alikuwa huru. Akamtuma mtu amwite baba mdogo, aje upesi, kuna jambo la familia. Yeye mwenyewe akaita wapagazi wawili.

Jua lilikuwa bado changa alipoingia chumba cha mbele bila hodi, kama siku ile.

"Shemeji, tunapisha ghala," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. "Jamani, anzeni na hiyo cherehani."

Wapagazi walimtazama Bi Pasi kwanza, maana nao waliujua mlango wenye shimo. Akawapisha. Walibeba cherehani ya miguu, wakaiweka nje kando ya barabara. Baba mdogo alikuwa ndiyo kwanza anafika, miwani imeshuka puani, akisema ana haraka. Majirani walikuwa wamekwisha kujipanga.

Bi Pasi alitoka na kigoda chake. Alikiweka nyuma ya cherehani, akaketi, akachukua suruali aliyokuwa ameiachia pindo nusu, akaanza kukanyaga. Cherehani ikalia barabarani sawasawa na ilivyolia ndani.

Wakaleta rafu ya nyuzi. Akaomba wamsogezee upande wa kulia, anashukuru. Wakaleta vitambaa, akavikunja magotini. Mteja mmoja alipita na gauni la kupunguza, akasita, akauliza kama leo kuna kazi.

"Kazi ipo," alisema Bi Pasi kwa sauti ya chini. "Simama hapo nikupime."

Watu wakaanza kucheka, na kicheko kile hakikuwa cha kumcheka yeye. Shemeji alikiona kinaelekea wapi, akaingia ndani mwenyewe na kutoka na pasi ya mkaa. Akaitua juu ya meza ya cherehani, mbele ya vidole vyake.

"Hii hapa," alisema. "Si ndiyo silaha yako?"

Bi Pasi aliitazama pasi. Aliujua uzito wake, na kichwa cha shemeji kilikuwa karibu kuliko siku ile. Lile neno kubwa lilimpanda kooni peke yake. Mkono ulikwenda, ukashika mpini, na baba mdogo akavuta pumzi.

Aliifungua kifuniko. "Jirani," alimwambia mama aliyekuwa na jiko lake linawaka mlangoni, "niazime makaa machache. Suruali hii inataka kunyooshwa."

Kicheko kilichopasuka hapo kilimfanya mpagazi mmoja aketi chini. Shemeji uso ulimbadilika. "Mbona hupigani?" alifoka. "Mwezi si umekwisha? Si uliahidi? Piga basi!"

Baba mdogo alipandisha miwani taratibu. Kwa mara ya kwanza hakuonekana kuwa na haraka. "Kumbe umeniita nije kumtazama akikupiga," alisema.

"Baba, huyu..."

"Na mwezi haujaisha," ilisema sauti mlangoni. Alikuwa mama mkwe, kifungo bado kidoleni. "Haukuonekana. Leo ni thelathini."

"Sikujua, mama! Wallahi kalenda inasema umekwisha. Mimi nilijua Rajabu haupo tena."

"Na kama haupo," aliuliza mama yake, "ndiyo umepata ruhusa? Mungu anamwona mjane wa kaka yako mwezi mmoja, halafu anafumba macho?"

Swali lilirushwa kwa shemeji, lakini likampata na Bi Pasi pale nyuma ya cherehani, katikati ya kifua, penye akiba yake yote. Aliona haya kuliko siku ya pasi. Naye alikuwa akiuhesabu mwezi kama mfungwa, naye alikuwa akingoja ruhusa. Tofauti yao ilikuwa mawingu tu.

"Nilisema atakayeanza," alisema baba mdogo. "Nimemwona aliyeanza. Rudisha vitu vya watu ndani, kimoja kimoja, wewe mwenyewe. Hao wapagazi walipe waende."

Shemeji alibeba. Alipoinamia cherehani, alinong'ona kwa hasira ili Bi Pasi tu asikie: "Mwezi utaandama leo. Nakujua, shemeji. Siku moja umeweza, na mimi nina siku nyingi za kungoja."

Jioni mbingu ilikuwa safi, na mwezi wa Shaabani ukaonekana wazi, hata watoto waliuonyesha kwa vidole. Bi Pasi alizima taa ya chumba cha mbele, akatoka, akaenda moja kwa moja kwenye duka la rangi. Mtaa ulimwona. Wanawake wa darsa waliacha walichokuwa wakifanya, na mtu mmoja alisikika akisema, "Haya, leo ndiyo leo." Mama mkwe alimfuata mpaka mlangoni, hakumzuia.

Shemeji alikuwa nyuma ya meza yake. Alipomwona alisimama na kurudi hatua, kisha akatazama huku na huku kuhakikisha mashahidi wapo. Walikuwapo. Karibu afurahi.

"Mwezi umeandama," alisema Bi Pasi, na sasa sauti aliiachia yote, ikafika mwisho wa barabara. "Ulimi wangu umefunguliwa na mkono wangu umefunguliwa. Nilikuwa nimekuwekea maneno, shemeji, maneno ambayo ungeyasikia mpaka kaburini. Nimeyatupa. Hupati hata moja."

"Umekuja kufanya nini, basi?"

"Kukutoa kwenye kungoja. Makopo yako weka, redio yako fungua, kanzu zangu zinyunyizie rangi zote ulizonazo, nitakata upya. Shaabani sikupigi. Ramadhani sikupigi. Mwakani sikupigi. Ngoja mpaka meno yakutoke!"

Alifika mlangoni, akageuka.

"Na chumbani sitoki."

Asubuhi iliyofuata aliufungua mlango wenye shimo, akakaa, akakanyaga.